"Ukigongwa tu, kimbia"? Mkuu, nani kakudanganya?

Mtoa mada, niliacha ugali na mlenda mezani nilipofika pale ulipoandika kwamba Jumamosi mnacheza softiboli (ule mchezo wa kupiga mpira kwa rungu, kisha unakimbia kuzunguka vituo, yaani besi, mpaka urudi ulipopigia, nyumbani) kwenye bonanza la ofisi, na mmeambiwa "mpira ukigongwa tu, kimbia bila kuangalia nyuma". Nani kawaambia? Isije ikawa ni yule yule kocha wa kwetu kahamia kwenu. Umeuliza mambo manne: wakati wa kukimbia, kupitiliza besi ya kwanza, wawili kukutana kwenye besi moja, na viatu. Nitakujibu mawili ya kwanza, ila kabla ya hapo nikusimulie nilivyopoteza mbuzi.

Mbuzi mzima. Ndiye aliyekuwa zawadi ya mshindi, kafungwa kwenye mti pembeni ya uwanja, anatuangalia. Hapa hapa Dodoma, mwezi wa nane, ule upepo wetu unaokujaza vumbi mpaka kwenye meno. Zamu ya 7, ya mwisho. Tuko nyuma kwa pointi moja, tuna auti moja tu (yaani mwenzetu mmoja katolewa; wakifika watatu, zamu yetu ya kupiga imeisha), mimi nimesimama besi ya pili. Baada ya mpigaji aliyepo anakuja dada mmoja wa uhasibu ambaye siku ile alikuwa hakosi. Yaani nilishaanza kusikia harufu ya nyama.

Mwenzetu akaupiga, ukapaa. Juu kweli kweli, ukashikwa na upepo, ukaning'inia huko. Mimi nikatoka mbio kama nimeona nyoka. Besi ya tatu hiyo, nyumbani hiyo, nikaikanyaga, nikaanza kucheza kiduku. Nasikia kelele, nadhani ni shangwe. Kumbe jamaa wao wa nyuma kaudaka ukiwa bado hewani, auti ya pili. Wenzangu wanaita "Rudi! Rudi!", mimi nawapungia mkono. Akaurusha besi ya pili, kaka mmoja mwenye kitambi akaupokea mguu wake ukiwa juu ya besi, akainua glovu kumwonyesha mwamuzi. Auti ya tatu. Mechi imekwisha. Hakuna aliyenigusa, nilikuwa mita 25 na ushee kutoka pale, kiuno bado kinazunguka.

Sasa sikia. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ni auti, na wewe uliyekuwa kwenye besi huruhusiwi kwenda mbele mpaka uwe umegusa besi yako baada ya mpira kufika mkononi mwa mdakaji. Kama ulishatoka, unarudi. Kama ulishavuka besi nyingine, unarudi kwa njia ile ile ukizigusa kinyumenyume. Wakikutangulia kufikisha mpira pale ulipotoka na wakadai kwa mwamuzi, huna chako.

Na hili la kurudi ndilo linaloniuma mpaka leo, maana ningeangalia juu mara moja tu ningewahi. Lakini kocha wetu, ambaye vyeti vyake vyote vya ukocha vilikuwa filimbi na kofia, alitufundisha kwamba "besi ukishaivuka hairudiwi, hii ni rede tu yenye rungu, kazi yako kukwepa mpira". Rede! Nilipomfuata baada ya mechi akanijibu "ungetumia akili". Akili gani, wakati nilikuwa nimeazima ya kwake? Washindi walipomwalika kwenye mbuzi, akaenda. Jumatatu akaja ofisini anachokonoa meno. (Mbuzi mwenyewe alikuwa amekonda, nasema ukweli, wala sina kinyongo. Ila jina la Kiduku bado ninalo.)

Kwa hiyo mkuu: mpira ukipaa, mguu kwenye besi, macho kwa mdakaji. Akiudaka, ondoka kama unaona utawahi. Akiuangusha, ondoka. Watakuja hapa wa kusema wataalamu husogea nusu ya njia wakisubiri. Sawa, wataalamu. Wajapani waliochukua dhahabu Beijing 2008 na Tokyo wanarudi kugusa besi, sembuse mimi wa Nkuhungu?

Kukimbia bila kungoja ni pale tu mkishakuwa na auti mbili, kwa sababu ukidakwa zamu imeisha hata hivyo, hupotezi kitu. Ndiyo maana kila kabla mpira haujarushwa uliza kwa sauti, "auti ngapi?" Wakikucheka, wacheke. Mimi nilichekwa zaidi. Mpira unaoburuzika chini nao ni habari nyingine: kama besi zote za nyuma yako zina watu, utake usitake unaondoka, maana mpigaji anakuja kuwasukuma.

Besi ya kwanza pitiliza tu, unaruhusiwa, ila usijaribu hivyo ya pili wala ya tatu, watakugusa na mpira wewe ukiwa umeiacha besi, auti.

Mnachezea uwanja gani? Nitakuja nisimame karibu na besi ya tatu, nikupigie kelele za kurudi. Zikianza, tafadhali usinipungie mkono.