Tanga mpaka Kigali, usingizi umeniisha!

SWALI: Shikamoo shangazi, Desemba ukoo mzima tunakutana Kigali kwa dada etu, tunaondoka Tanga tunapita Horohoro tunawachukua wa Mombasa, halafu Nairobi, Kampala, ndo Kigali, yani bado miezi miwili na mimi nshapanga begi. Wa Mombasa wanasema kitambulisho tu kinatosha, kweli? – Mama Wawili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wa Mombasa wanasema kweli, ila ni kwao, maana Kenya, Uganda na Rwanda ndo wamekubaliana vitambulisho, sisi Watanzania hatumo, kwa hiyo paspoti kila mtu, na watoto pia. Kadi ya homa ya manjano usiiache mwishoni, sindano inaanza kuhesabika baada ya siku 10. Zile kashata na samaki wa kukaanga (najua utabeba, usinikatalie) funga kwenye vikapu, Rwanda mifuko ya plastiki wamepiga marufuku tangu 2008, mpakani wanakunyang'anya. Ukifika rudisha saa nyuma lisaa limoja. Begi lifungue kwanza, nguo zitavunda.