Ukipimwa ukakutwa na homa ya ini ya B, uliza na D

Ami yangu ni baharia wa jahazi hapa Lamu. Alikwenda kutoa damu, akapimwa, akakutwa na homa ya ini aina ya B. Akaambiwa ini bado zima, arudi baada ya miezi sita. Alirudi kila mara bila kukosa. Mwaka wa tatu macho yakawa manjano kama binzari. Majirani wakasema ni homa ya manjano, na hiyo ni maradhi mengine kabisa, huletwa na mbu. Tulipomfikisha Mombasa daktari alituuliza: "Amepimwa D?" Hatukuwahi kuisikia.

D, yaani homa ya ini aina ya D, huletwa na kirusi kidogo mno, maandishi yake ya urithi ni herufi 1,700 hivi, karibu nusu ya yale ya B. Mario Rizzetto alikigundua Italia mwaka 1977, mwanzoni akidhani ni sehemu ya B. Kikiingia ndani ya seli ya ini hujinakili kwa kutumia mitambo ya seli yenyewe, ila hakina ganda la kutokea kwenda seli nyingine. Huvaa ganda lililotengenezwa na B. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Hii inasitiri, na inasafirisha. Pasipo B, D haina njia ya kuenea. Wakikutana wawili, ini huharibika haraka kuliko kwa B peke yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye B, usingojee manjano. Omba kipimo cha D. Si kila kituo wanacho, basi uliza kama damu inaweza kupelekwa maabara kubwa, na gharama yake ujue mapema. Tena dawa ya B, kama tenofovia, hupunguza B lakini haiizuii D, kwani ganda huendelea kutengenezwa. Usijidanganye kuwa unatibiwa zote.

Wa nyumbani wapimwe B. Asiyekuwa nayo achanjwe: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Asiyepata B hapati D. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Kula sahani moja hakuna neno, msimtenge mtu. Hatari iko kwenye damu na kujamiiana.

Nikamuuliza, "Ami, mlikuwa mkinyoa vipi chomboni?" Akanionyesha kikopo cha bati chenye wembe mmoja. Mabaharia watano. Wiki ile ile nilikwenda kuwatafuta wale wanne, nyumba kwa nyumba, wakapimwe.