Mwalimu Mpya, Neno Likirushwa Kutoka Viti vya Nyuma

Ukivuka feri kuja kufundisha Likoni, wanafunzi watakupima wiki ya kwanza. Mimi nilipimwa nikaanguka.

Ilikuwa Kidato cha 2, kipindi cha Kiswahili. Mvulana alisimama kughani shairi, sauti nyembamba, tamu. Kufika ubeti wa pili, mtu akapaza sauti nyuma: "Shoga huyo!" Darasa likaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu kabla ya kugonga meza: "Haya, tulieni." Akamaliza ubeti, akaketi, akafunga daftari na kuliegemezea kiwiko. Muhula ule hakunyoosha mkono tena.

Hapa Mombasa mama zetu wakiitana shoga, ni rafiki wa kufa na kuzikana. Likirushiwa mvulana, ni kisu. Basi usipokee ile "mwalimu, ni utani tu." Utani ni wa kupokezana, na yule mvulana hakuwa na la kurudisha. Wasichana nao hawaponi: anayeongoza hesabu huitwa jike dume, na asiyejibu salamu za wavulana njiani huitwa jina nisiloliandika hapa.

Siku hizi nasimamisha somo papo hapo, nalitaja neno, nasema halisemwi humu, tunaendelea. Nusu dakika. Hotuba ndefu humweka aliyetukanwa jukwaani mara ya pili. Kengele ikilia namwita aliyetukana, peke yake. Aliyetukanwa nazungumza naye siku hiyo hiyo, hata kwa kutembea naye hadi langoni. Likirudiwa, naandika tarehe na maneno yenyewe, nampelekea mwalimu wa ushauri nasaha. Kiboko sahau, kilipigwa marufuku Kenya 2001. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayogusa sekondari pia, inakataza hata kumtesa mwanafunzi kisaikolojia.

Ofisini utaambiwa sheria ya matamshi ya chuki ni ya makabila. Ile ya utangamano wa kitaifa ya 2008, ndiyo. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 33, haimlindi anayechochea chuki kwa misingi ya ubaguzi iliyotajwa kifungu cha 27, na jinsia imo. (Wanafunzi sijawahi kuwasomea. Walimu wenzangu, mara mbili.)

Ulimi wako pia uchunge. "Unalia kama mwanamke" nilikuwa nikiwaambia wavulana waliochelewa, karibu kila wiki. Hadi msichana wa dawati la mbele akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani wanawake tunaliaje?" Nikajifanya natafuta chaki. Chaki ilikuwa mkononi.