Kazi ya usiku haikuanza kwenye SAP: soma hali yake kabla hujagusa kitu

Mkuu, umesema kazi yako ya usiku (ile inayojiendesha yenyewe nyuma ya pazia) kwenye SAP, mfumo wa kompyuta wa kuendesha shughuli za kampuni, inapitiliza saa yake bila kuanza, na hata baada ya kuzima na kuwasha seva bado imelala. Yalinikuta hayo hayo usiku mbili mfululizo, na aliyeharibu nilikuwa mimi mwenyewe.

Kazi iliyoanza ikafia njiani huacha logi. Ambayo haikuanza kabisa haina logi ya maana, kwa hiyo usipoteze muda kukagua programu yako mstari kwa mstari. Fungua SM37, ukurasa wa kuorodhesha kazi hizi na hali zake. Wengi huteleza hapa hapa: ukurasa unafunguka ukiwa na jina lako na tarehe ya leo tu, mtu hakuti kitu anadhani kazi imefutwa. Weka nyota kwenye jina la mtumiaji, rudisha tarehe nyuma, kisha chagua hali zote.

Ikiandikwa "Scheduled", imepangwa lakini haijaruhusiwa kuanza. Mara nyingi aliyeipanga hana ruhusa ya S_BTCH_JOB (ya kushughulikia kazi hizi) yenye kitendo cha RELE, yaani kuachilia. Ikiganda kwenye "Ready", yaani iko tayari kuanza ila haianzi, iteue na uuambie mfumo ukague hali yake upya, menyu ya Job inayo sehemu hiyo.

Ugumu wenyewe uko kwenye "Released", yaani imeruhusiwa. Hapo kazi inangoja kuamshwa tu, na swali ni kwa nini haiamshwi. Mwamshaji wake, yaani sehemu ya mfumo inayoanzisha kazi muda wake ukifika, kwa kawaida huzunguka kila sekunde 60, muda ambao umewekwa kwenye kipimo cha mfumo kiitwacho rdisp/btctime. Ikiwa 0, seva hiyo haiamshi kitu. Kisha nenda SM50, ukurasa wa michakato ya seva, uhesabu ile ya aina ya BTC, inayoendesha kazi za namna hii. Niliwahi kukuta miwili tu, yote imeshikwa na ripoti ya mtu iliyokuwa ikizunguka tangu jana yake. Hesabu hiyo ifanye saa ile ile kazi inapokwama, maana mipangilio ya RZ04, ya namna seva inavyofanya kazi kwa saa tofauti, inaweza kubadili idadi ya michakato kati ya mchana na usiku. Na kama kuna michakato iliyotengwa kwa kazi za daraja A (kipaumbele cha juu; C ni cha chini), hiyo usiihesabu: kazi yako ya daraja C hairuhusiwi kuigusa.

Sasa kisa changu. Kabla ya kupandisha toleo la mfumo niliendesha BTCTRNS1, programu inayosimamisha kazi zote zilizoruhusiwa. Ukimaliza unatakiwa kuendesha BTCTRNS2 ili ziachiliwe. Nikasahau. Kilichonipoteza ni kwamba nilitengeneza kazi mpya ya majaribio ikaanza bila shida, nikaamua kwamba mwamshaji ni mzima, nikaenda kuchimba kwenye hifadhidata! Kumbe BTCTRNS1 hushika zile zilizokuwepo wakati huo, zinazoundwa baadaye haizigusi. Usiku wa pili ndipo nilipoisoma ile safu ya hali mpaka mwisho: kando ya "Released" palikuwa na neno la kusimamishwa.

Nikaendesha BTCTRNS2 kupitia SE38, ukurasa wa kuendeshea programu, na kazi zote zilizochelewa zikaamka kwa mpigo, mfumo ukapumua kwa shida hadi asubuhi. Ukifika hapo, ondoa kwanza zile ambazo wakati wake umeshapita na hazina faida tena.

Moja bado iligoma. Ilikuwa imefungiwa seva maalumu, na seva yenyewe tulishaiondoa zamani. Nilipoacha nafasi ile ya seva wazi, ikaanza ndani ya dakika moja.

Tuwekee hapa hali kamili kama inavyosomeka kwenye SM37, sekunde za kuchelewa zilizoandikwa pembeni yake, na utuambie kama nafasi ya seva imejazwa. Na kabla ya hilo la kugoma, kuna mtu alipandisha toleo au kunakili mfumo?