Jibu: Sanamu ya shaba isiyo na sura, na hewa ya chumvi

Ndugu wa Shangani, umeuliza kwa nini Four-Square (Walk Through), sanamu ya mchongaji Mwingereza Barbara Hepworth, iliyomo kwenye bustani yake kule St Ives, Uingereza, haina kichwa wala mikono, na kama sanamu ya namna ile ingedumu nje hapa Mtwara.

Kichwa cha nini? Mmakonde akichonga mpingo kwa mtindo wa mawingu, usiofuata umbo la mtu, hatumdai macho. Tunafuata mikunjo na matundu, mwanga unapenya, jicho linamalizia lenyewe. Ile ya Hepworth, ya 1966, ni mabamba mazito yenye matundu ya duara, na mtu anapita katikati kwa miguu yake. Picha ya simu haiwezi kukupa hilo hata kidogo.

Kudumu, itadumu. Imetengenezwa kwa shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Hailiki kama chuma, hujifunika utando wa kahawia au kijani unaoikinga. Adui ni chumvi: ikituama kwenye vikunjo huleta madoa ya kijani yenye unga, nayo huchimba. Ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke kabisa, ipakwe nta. St Ives nako ni pwani.

Sanamu ya mpingo lakini usiiweke juani, itapasuka.