Bega la Adrián Beltré mwaka 2009: je, jeraha linaeleza msimu mbaya kabla ya soko huru?

SWALI: Ndugu mtaalamu, ninaishi Texas na nimekuwa mshabiki wa timu ya besiboli ya Texas Rangers tangu enzi za mlinzi wake wa besi ya tatu, Adrián Beltré. Hivi karibuni tulibishana kazini kuhusu msimu wake wa mwisho akiwa na Seattle Mariners, yaani 2009, alipopiga homurani 8 tu (mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja) na kuingia soko huru la wachezaji, yaani wale ambao mikataba yao imeisha, akiwa ameshuka thamani. Mwenzangu anashikilia kwamba majeraha yanaeleza kila kitu, kwa kuwa mwaka uliofuata akiwa na Boston Red Sox aling'ara upya. Mimi ninaona kwamba kila mchezaji anayeshuka kabla ya kuingia sokoni hakosi jeraha la kutaja. Je, kuna njia ya kitaalamu ya kuamua ubishi huu?

JIBU: Njia ipo, ingawa jibu lake mara nyingi huwa la sehemu na sehemu. Kwa Beltré, ninaamini kuwa jeraha la bega linaeleza vizuri kupungua kwa nguvu ya mapigo yake mwaka 2009, lakini halielezi kila kilichopungua, na kung'ara kwake Boston kulikuwa na sababu nyingine zaidi ya bega kupona. Kazi yangu ni tiba ya viungo kwa wanamichezo, kwa hiyo nitaanza na mwili, kisha niende kwenye takwimu, kwa sababu anayeanza na takwimu huishia kulitafutia kila tarakimu jeraha la kuifaa.

Kuna tofauti moja ambayo mabishano mengi huiruka. Jeraha linalomweka mchezaji nje ya uwanja hupunguza jumla zake: homurani, mikimbio aliyoiingiza, idadi ya mechi. Haliwezi kushusha wastani wake, kwa kuwa siku asizocheza haziingii katika hesabu ya wastani. Kinachoshusha wastani ni jeraha analocheza nalo, au mwili uliorudi uwanjani kabla haujawa tayari. Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba fulani alikosa wiki sita, hajakueleza bado kwa nini katika wiki nyingine zote alipiga vibaya.

Beltré aliumia mara mbili mwaka ule, na majeraha hayo mawili ni mfano mzuri wa tofauti hiyo. Mwishoni mwa Juni alifanyiwa upasuaji wa kuondoa vinundu vya mfupa vilivyoota katika bega lake la kushoto, akarejea uwanjani mwanzoni mwa Agosti. Siku chache baada ya kurejea, katika mechi dhidi ya Chicago White Sox, mpira uliodunda chini ulimpiga sehemu za siri akiwa analinda besi ya tatu bila kinga, akaingia tena katika orodha ya majeruhi. Jeraha hili la pili ndilo lililozungumzwa zaidi, na maumivu yake hayana mfano, lakini katika uchambuzi wetu uzito wake ni mdogo: lilimtoa nje kwa muda, likapunguza jumla zake, basi. Bega ni habari nyingine, kwa sababu vinundu vya mfupa havioti kwa siku moja, na hilo linamaanisha kwamba kabla ya upasuaji alikuwa akicheza navyo.

Sasa tazama bega lenyewe lilikuwa lipi. Beltré hupiga kwa mkono wa kulia, na mpigaji wa aina hiyo husimama ubavu wake wa kushoto ukiwa umemwelekea mrushaji, kwa hiyo bega la kushoto ndilo bega la mbele. Anapojikusanya kabla ya kupiga, mkono wa mbele huvuka kifua na tishu za nyuma ya bega huvutika. Kisha nyonga huanza kuzunguka, kiwiliwili hufuata, na bega la mbele hufunguka kwa kasi likilivuta gongo kuelekea mpira. Gongo linapokutana na mpira, bega hilo hilo linapaswa kubaki imara, na baada ya hapo mkono huendelea kupanda na kutanuka mpaka mwendo wote uishe. Yote hayo hufanyika katika muda mfupi mno, kwa kuwa mpira uliorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa humfikia mpigaji chini ya nusu sekunde. Beltré alikuwa na namna ya kupiga iliyotumia mwili mzima, kiasi kwamba alijulikana kwa kupiga homurani huku goti lake la nyuma limegusa ardhi. Mtu anayezunguka kwa nguvu namna hiyo hulitwisha bega la mbele mzigo mkubwa.

Mfupa unapoota katika kiungo, mkono hauwezi kuvuka kifua na kutanuka kwa uhuru wake wote bila kitu kugusana na kingine. Mwili hujilinda wenyewe kabla mwenye mwili hajaamua: mwendo wa gongo hufupishwa, bega hufunguliwa mapema kidogo, na mwisho wa pigo hukatwa. Mpigaji mwenye jicho zuri bado anaweza kuugusa mpira, lakini hauendi mbali. Kwa hiyo, jeraha la bega la mbele likiwa ndilo sababu, tutarajie kuona mapigo yakiendelea kupatikana kwa kiwango cha karibu na kile cha zamani, huku nguvu ikishuka waziwazi.

Hicho ndicho tunachokikuta. Mwaka 2008 wastani wake wa kupiga, yaani sehemu ya zamu zake rasmi zilizompa pigo salama, ulikuwa 0.266, na mwaka 2009 ulikuwa 0.265. Ukiangalia tarakimu hiyo peke yake huoni kwamba kuna lolote lililotokea. Lakini homurani zilitoka 25 katika mechi 143 hadi 8 katika mechi 111, na hata ukizingatia mechi alizokosa, huo ni upungufu wa zaidi ya nusu kwa kila mechi. Wastani wa besi anazopata kwa kila zamu rasmi ya kupiga, kipimo kinachothamini pigo refu kuliko fupi, ulishuka kutoka 0.457 hadi 0.379. Kiwango chake cha kutolewa kwa straiki tatu, yaani kushindwa kuupiga mpira mpaka zamu inaisha, hakikubadilika sana. Jicho na mkono vilikuwa bado vinakutana na mpira, ila nguvu ndiyo iliyokosekana. Kama ningepewa tarakimu hizi bila jina na kuulizwa mchezaji huyu anaumwa wapi, bega la mbele lingekuwa miongoni mwa majibu yangu ya kwanza, pamoja na kifundo cha mkono na mgongo.

Hata hivyo, kuna tarakimu moja ambayo sitaki kuipitia haraka. Mwaka 2008 Beltré alipewa besi ya bure mara 50 kwa kuacha mipira minne iliyotoka nje ya eneo la kupiga. Mwaka 2009 alipewa mara 19 tu. Kukosa mechi kunaeleza sehemu ya tofauti hiyo, lakini si yote. Kuuacha mpira mbaya upite si kazi ya bega. Inawezekana mpigaji mwenye maumivu, akijua kwamba gongo lake limechelewa, hulazimika kuamua mapema zaidi na hivyo kudanganyika mara nyingi zaidi, na mimi nimeona jambo la namna hiyo kwa wanamichezo wa michezo mingine ya kupiga mpira. Inawezekana pia mchezaji aliye katika mwaka wa mwisho wa mkataba anataka kupiga kila kinachokuja. Takwimu haziwezi kututenganishia mambo hayo mawili, na hapa ninampa mwenzako nusu ya hoja tu.

Kuhusu Boston, nawe una haki yako. Uwanja wa Mariners ulijulikana kwa miaka mingi kuwa mgumu kwa wapigaji wa mkono wa kulia, kwa kuwa mipira yao mirefu ya upande wa kushoto ilifia hewani. Beltré alifika Seattle baada ya msimu wa 2004 ambapo alipiga homurani 48 akiwa na Los Angeles Dodgers, akapewa mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 64, na hakuwahi kufika homurani 30 katika msimu wowote kati ya ile mitano. Uwanja wa Fenway wa Boston una ukuta mrefu wa mita 11 hivi upande huo huo wa kushoto, lakini uko karibu, na mpira ambao kwingine ungedakwa huko hugonga ukuta na kuwa pigo la besi mbili. Mwaka 2010 Beltré alipata mapigo ya besi mbili 49 na kuongoza American League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu), akapiga homurani 28, na wastani wake ukawa 0.321. Ninachosema ni kwamba bega lililopona lilimrudisha kwenye kiwango chake, na mazingira mapya yakakifanya kiwango hicho kionekane vizuri zaidi kuliko kilivyokuwa Seattle. Alikuwa amekubali mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 9, na majira ya baridi yaliyofuata Rangers walimpa miaka 5 na dola milioni 80. Kwamba hakuwa amezeeka mwaka 2009 kulithibitishwa na miaka yake yote ya Texas, hadi alipochaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa la besiboli Januari 2024.

Ubishi wenu una upande mwingine pia, nao ni wakati. Jeraha haliwezi kueleza kushuka kulikolitangulia. Cody Bellinger ni mfano ninaoupenda kwa sababu una utata wa kweli. Akiwa na Dodgers, alikuwa mchezaji bora wa National League, ile ligi nyingine, mwaka 2019 kwa homurani 47. Oktoba 2020, akishangilia homurani yake katika mechi ya saba ya mchujo dhidi ya Atlanta Braves, aligonganisha mkono na mwenzake na bega lake la kulia likateguka, na kwa kuwa yeye hupiga kwa kushoto, hilo ndilo bega lake la mbele. Alifanyiwa upasuaji, kisha Aprili 2021 akapata ufa katika mfupa mwembamba wa mguu wa kushoto, na msimu huo wastani wake ukawa 0.165. Mpaka hapo jeraha linatosha kabisa. Lakini katika msimu wa kawaida wa 2020, kabla bega halijateguka, wastani wake ulikuwa tayari umeshuka hadi 0.239, na mwaka 2022, akiwa amecheza mechi 144, ulikuwa 0.210, ndipo Dodgers wakamwachia. Aliporudi juu mwaka 2023 akiwa na Chicago Cubs, kwa wastani wa 0.307, kilichobadilika zaidi ni kwamba alitolewa kwa straiki tatu mara chache mno kuliko misimu miwili iliyotangulia, wakati mipira yake haikuwa ikitoka kwenye gongo kwa kasi ya 2019. Huyo ni mtu aliyejifunza kupiga upya. Kusema tu kwamba alipona ni kumnyima heshima ya kazi aliyoifanya.

Na wapo ambao msimu wao mbaya ulikuwa karibu na kiwango chao halisi. Michael Conforto wa New York Mets alipiga 0.322 mwaka 2020, kisha 0.232 mwaka 2021 kabla ya kuingia soko huru, na katikati yake palikuwa na jeraha la msuli wa nyuma ya paja lililomweka nje zaidi ya mwezi. Alikataa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 18.4, akaumia bega majira ya baridi, akakosa msimu wote wa 2022. Watu walipolaumu paja, walisahau kwamba ule wastani wa 2020 ulitokana na mechi 54 tu katika msimu uliofupishwa. Alipopona alipiga 0.239 na 0.237. Kipimo cha kulinganishia kikiwa kimepanda kwa bahati, hata mtu mzima wa afya ataonekana mgonjwa.

Kwa wachezaji wa leo kazi ni rahisi kuliko ilivyokuwa mwaka 2009, kwa kuwa tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu vina mitambo inayopima kasi ya mpira unapotoka kwenye gongo, na tangu 2024 kasi ya gongo lenyewe hutolewa hadharani. Ukitaka kumpima mchezaji anayedaiwa kuwa alikuwa majeruhi, usitazame wastani wa msimu mzima. Tafuta tarehe ya jeraha, kisha linganisha kasi hizo kabla na baada yake. Kasi ya gongo ikianguka ndani ya wiki ile ile na kubaki chini, dai lina msingi. Ikiwa kasi haikubadilika na mipira inadakwa tu, huenda ni bahati mbaya ambayo msimu ujao itajirekebisha bila daktari yeyote. Ikiwa ilikuwa ikipungua kidogo kidogo tangu miaka miwili nyuma, huo ni umri, na klabu itakayomlipa kwa matumaini ya kupona itakuwa inalipia kitu kisichopo.

Klabu zenyewe hazitegemei maneno ya wakala wala tarakimu za hadharani. Mkataba mkubwa hauwi kamili mpaka madaktari wa klabu waridhike. Majira ya baridi ya 2022 kuelekea 2023, Carlos Correa alikubaliana na San Francisco Giants mkataba wa dola milioni 350, kisha na Mets wa dola milioni 315, na yote miwili ikaanguka kwa sababu ya mguu wake wa kulia aliofanyiwa upasuaji mwaka 2014, ingawa jeraha hilo halikuwa likionekana katika takwimu zake za kupiga. Hatimaye alirudi Minnesota Twins kwa dola milioni 200.