Banda Lipo, Nia Imenikimbia

SWALI

Ndugu mwandishi wa safu hii, mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 62, mwalimu mstaafu, ninayeishi Singida. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilifundisha darasa la kwanza, hadi nilipostaafu kwa lazima nikiwa na miaka 60. Nilikuwa nimeazimia kufuga kuku wa kienyeji, na fedha ya kwanza niliyoitoa katika kiinua mgongo ilijenga banda la kuku 500. Banda hilo sasa lina mwaka mmoja na miezi minane, na halijaingia kuku hata mmoja. Nimehudhuria semina tatu, nina madaftari mawili yaliyojaa maelezo, na mchanganuo nimeuandika mara mbili. Kila Jumatatu najiambia kwamba leo naanza, lakini ikifika saa nne nimekwisha kupata sababu ya kuahirisha. Mwaka jana kuku wote wa jirani yangu walikufa kwa kideri ndani ya wiki moja, na tangu hapo hata kulitazama banda naona uzito. Wanangu wananiambia, "Mama, pumzika, umefanya kazi ya kutosha." Nami najiona mvivu. Wahenga walisema penye nia pana njia. Mimi njia ninayo, nia ndiyo iliyonikimbia. Nitaipata wapi?

Mwalimu mstaafu, Singida

JIBU

Shikamoo, Mwalimu.

Nianze na neno ulilojiita, kwa sababu naamini si lako. Mvivu hahudhurii semina tatu wala haandiki mchanganuo mara mbili. Ninachokiona katika barua yako ni hofu, na hofu hiyo ina sababu zilizo wazi: umeona kwa macho yako kuku wa jirani wakiteketea, na banda ulilojenga linakudai kuku 500 kwa mkupuo mmoja, yaani linakutaka uweke sehemu kubwa ya akiba ya uzeeni katika kazi ambayo hujaifanya hata kwa wiki moja. Moyo unaokataa kuingia katika jambo la namna hiyo unakulinda. Kosa ni kuulaumu kila Jumatatu badala ya kulipunguza jambo lenyewe hadi lifikie kimo ambacho moyo unaweza kulikubali.

Liko pia jambo ambalo hukuliandika, nami nalisoma kati ya mistari. Kwa miaka mingi siku yako iligawanywa na kengele. Hukujiuliza kila asubuhi kama unajisikia kwenda darasani. Watoto walikuwa wanakungoja, ukaenda. Wastaafu wengi hudhani wamepoteza hamu ya kazi, kumbe walichopoteza ni kile kilichokuwa kikiwangoja. Banda tupu halimngoji mtu. Kuku watano wenye njaa wanamngoja, tena kwa kelele.

Sasa nije kwenye methali uliyoinukuu. Wengi wetu tunaielewa kana kwamba nia ni ufunguo ambao ni lazima upatikane kwanza, ndipo mlango ufunguliwe. Wewe, hata hivyo, umeishi ukiona kinyume chake. Ulipowapokea watoto wa darasa la kwanza kila Januari, hukusubiri wapende kusoma ndipo uwafundishe a, e, i, o, u. Waliimba ba, be, bi, bo, bu bila kujua faida yake, mmoja akisinzia na mwingine akilia kumtaka mama yake, hadi ilipofika siku ambayo mtoto aliunganisha silabi mbili, akasoma "baba" ubaoni kwa sauti, kisha akageuka kukutazama usoni. Hamu ya kusoma ilizaliwa katika dakika ile, na haingeweza kuzaliwa kabla yake, kwa kuwa hakuna anayetamani utamu ambao hajauonja. Nia unayoitafuta iko upande wa pili wa kazi, na ndiyo maana semina tatu hazikuweza kukupatia.

Nina mfano mmoja ambao nadhani utakugusa kama mwalimu. Mwaka 2004, baada ya serikali ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi mwaka uliotangulia, Kimani Maruge, mzee aliyesemekana kuwa na miaka 84, aliandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret. Alivaa kaptura na soksi ndefu za sare, akakaa dawati moja na watoto wenye umri wa vitukuu. Mwaka uliofuata alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu ya msingi bila malipo katika Umoja wa Mataifa, lakini safari hiyo haikuwa lengo lake alipofika lango la shule. Alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe na kujua hesabu ya fedha zake. Lengo lake lilikuwa dogo na lilikuwa lake, na kwa hiyo aliweza kustahimili kutazamwa na watu.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba ulisahau lile banda la kuku 500 kwa mwaka mzima. Tenga kona yake moja tu, na mwezi huu nunua mitetea wanne na jogoo mmoja. Usiwanunue mnadani, kwa maana tetesi za ugonjwa zikisikika ndipo watu hukimbilia kuuza. Wanunue kwa mfugaji ambaye unaweza kufika nyumbani kwake ukalitazama kundi zima. Mtetea mmoja ataatamia mayai 10 hadi 15 na kutotoa baada ya siku 21, na kwa kuwa anawatia joto vifaranga wake mwenyewe, hutahitaji taa wala jiko la mkaa. Vifaranga uwafunike kwa tenga katika wiki za mwanzo ili mwewe asiwachukue. Kwa chakula cha nyongeza umekaa mahali pazuri kuliko wafugaji wengi, kwani Singida ni nchi ya alizeti, na mashudu, yaani makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, yakichanganywa na pumba na chenga za nafaka yanatosha kwa kuku watano wanaojitafutia mchana.

Kuhusu kideri nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo hofu yako ilipoota mizizi. Ugonjwa huu husababishwa na virusi na hauna tiba, lakini una kinga, na kinga yenyewe iko karibu nawe kuliko unavyofikiri. Chanjo iitwayo I-2, inayotengenezwa Kibaha, huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, hivyo inawafaa hata wafugaji walio mbali na friji. Hudondoshwa tone moja katika jicho la kila kuku na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu, nayo hupewa kuku wazima tu, kwa kuwa aliyekwisha kuugua haimsaidii. Chupa moja ina dozi nyingi kupita mahitaji ya kuku watano, na ikishachanganywa haiwekwi muda mrefu. Kwa sababu hiyo, nenda kwa yule jirani aliyepoteza kuku wake, mkubaliane na kaya nyingine chache tarehe moja ya kuchanja, kisha mumwite afisa mifugo awaonyeshe mara ya kwanza, naye awaeleze pia chanjo ya ndui ya kuku. Tarehe hiyo itakuwa miadi na watu, na nakujua Mwalimu kuwa si mtu wa kuvunja miadi hata siku ambayo moyo ni mzito.

Sikuahidi kwamba hutapoteza kuku. Kicheche anaweza kuingia, vifaranga watatu au wanne wanaweza kufa, nawe utasikitika. Lakini hasara ya kuku watano unaweza kuibeba na kujifunza kutokana nayo, ilhali hasara ya kuku 500 ingekuondolea usingizi na akiba kwa pamoja.

Wanao wanasema kwa mapenzi, usigombane nao. Waambie kwamba kuku watano hawamchoshi mtu, na mjukuu akija likizo mpe kazi ya kuokota mayai.

Yale madaftari mawili yafunge. Nunua jipya, na mtetea wa kwanza akianza kuatamia, andika tarehe hiyo katika ukurasa wa kwanza, hesabu siku 21, kisha utuandikie umepata vifaranga wangapi.